Kuchora Maisha ya Kijiji Ukutani: Mwongozo wa Kazi kwa Vijiji vya Usukuma

Ukisafiri kutoka Mwanza kwenda Musoma, au ukishika njia ya Shinyanga, utaona kuta nyingi zinazotazama lami zimeshapakwa rangi za makampuni: ya simu, ya soda, ya saruji. Mwenye nyumba amepata rangi ya bure, kampuni imepata tangazo. Ukuta huohuo ungeweza kubeba jembe, ngoma, pamba na kihenge, na watoto wanaopita kwenda shule wakawaona humo bibi na babu zao. Mwongozo huu ni wa vijana wa kijiji, walimu na mafundi rangi wanaotaka kuifanya kazi hiyo na ikadumu. Nimeuandika nikiiwaza Usukuma kwa kuwa ndiko ninakokujua. Fundi wa Singida, Kagera au Kitui atabadilisha panapohitaji kubadilishwa.

Kuchora ukutani hakukuja na ndoo za rangi za dukani. Bayeye, chama cha wacheza na nyoka wa Kisukuma, walikuwa wakichora nyoka, watu na viumbe vya masimulizi kwenye kuta za nyumba walimofundishiana kazi yao, kwa rangi nyeupe, nyekundu na nyeusi. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika, alizinakili picha hizo na kuzichapisha mwaka 1953. Zilikuwa picha za ndani, kwa macho ya waliofundwa. Sisi tunachora nje, kwa macho ya kila apitaye. Kwa hiyo lazima kijiji kikubaliane ni kipi cha kutoka nje na kipi kibaki ndani, na hilo haliamuliwi na mchoraji.

Hatua ya kwanza: jua ukuta ni wa nani

Anza kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha mtendaji wa kijiji, naye atalifikisha jambo kwenye halmashauri ya kijiji. Kama picha itakaa mahali pa wote, mathalani shuleni, zahanati, ofisi ya kijiji au ghala la AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, omba lisomwe pia kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambako kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ana sauti. Inachukua muda, na kuna wakati mkutano huahirishwa kwa sababu watu hawakutimia. Vumilia. Picha iliyopitishwa mkutanoni ina walinzi kijiji kizima. Iliyopitishwa na mtu mmoja ofisini hufutwa siku anapohamishwa.

Shuleni utahitaji mwalimu mkuu na kamati ya shule. Zahanati na shule za umma ni mali ya halmashauri ya wilaya, hivyo andika barua na ubaki na nakala yenye mhuri. Kwa nyumba ya mtu binafsi, zungumza na mume na mke wote wawili, kisha andikeni karatasi fupi: picha itakaa kwa muda gani, nani ana haki ya kuipaka upya, na itakuwaje nyumba ikiuzwa.

Kabla ya yote hayo, angalia kama ukuta una alama ya X nyekundu. Nyumba nyingi za kando ya barabara zimo ndani ya hifadhi ya barabara, ambayo kwa barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya njia. Usimwage jasho na rangi kwenye ukuta utakaobomolewa.

Mfadhili akijitokeza, mshukuruni, lakini kubalianeni mapema kwa maandishi kwamba jina lake litakaa chini pembeni, kwa herufi zisizozidi kiganja. Kampuni inayotaka ng'ombe wavae rangi zake haijaja kusaidia kijiji. Bandikeni mapato na matumizi ya kazi kwenye ubao wa matangazo wa kijiji, mpaka bei ya msasa. Maneno ya fedha yakishaanza kunong'onwa, hata picha nzuri hupata doa.

Hatua ya pili: nenda kwa wenye kazi

Hapa ndipo picha hufanikiwa au huharibika, kabla ya kopo la kwanza kufunguliwa. Vijana wengi wanaojua kuchora hutafuta picha kwenye simu, wakainakili. Matokeo yake unamkuta ng'ombe wa pembe ndefu zilizopinda kama upinde kwenye ukuta wa Magu au Kwimba. Huyo ni Ankole, ng'ombe wa Uganda, Rwanda na Kagera. Ng'ombe wa kawaida wa Usukuma ni mfupi, ana nundu na pembe fupi, na ana rangi zake ambazo mchungaji huzitaja moja moja. Mzee aliyechunga tangu utotoni akimwona yule wa pembe ndefu, atajua papo hapo kwamba hakuulizwa, na ataupita ukuta ule bila kugeuka tena.

Kwa hiyo chukua daftari uende kwa watu. Ukifika kwa mzee, msalimie kwa lugha ya nyumbani, kaa, kunywa maji, ueleze ulichokuja nacho. Usianze na "nataka kukuchora." Anza na "Babu, naomba unioneshe jembe lilivyokuwa likishikwa mkilima kwa ngoma." Atasimama mwenyewe. Mikono miwili iko wapi kwenye mpini, mguu upi uko mbele, mgongo umeinama kiasi gani: chora haraka kwa penseli, au mwombe ruhusa umpige picha. Mpini ukichorwa mrefu mno, au jembe likageuzwa, kila mkulima ataona, na wakulima ndio wengi wa watakaotazama.

Bugobogobo peke yake yaweza kujaza ukuta mzima. Ni ngoma ya majembe, iliyotoka kwenye vikundi vya kulima kwa zamu, na ndani yake kuna kila anachokitaka mchoraji: safu ya watu, mwendo mmoja, majembe yakirushwa juu na kudakwa, mpiga ngoma akiwaongoza. Omba kikundi kicheze mbele yako, au nenda ukaione Bujora, Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza. Makumbusho ya Wasukuma pale yalianzishwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, na sherehe za Bulabo za mwezi Juni hukusanya vikundi vya ngoma kutoka sehemu nyingi. Kwa mchoraji, siku moja ya Bulabo ni darasa: mavazi, njuga, manyoya, nyoka mikononi mwa Bayeye, na namna umati unavyozunguka uwanja. Ukiwa pale, ingia pia makumbusho utazame ngoma za watemi, yaani machifu wa zamani, na vyombo vya mfua chuma. Chora vipimo. Ngoma ya kitemi ikichorwa ndogo kama debe, umeikosea heshima.

Hapa kuna onyo ambalo mgeni hawezi kulijua. Wacheza ngoma wa Usukuma wamegawanyika tangu karne ya 19 katika pande mbili zinazoshindana, Bagika na Bagalu, na ushindani wao ni wa kweli: kila upande hucheza ili kuuvuta umati uje kwake. Ukichora Bagika peke yao katika kijiji chenye pande zote mbili, umeamua shindano kwa brashi. Wape nafasi sawa, urefu sawa wa watu, na ikiwezekana kila upande umlete mtu wake wa kusimamia sehemu yake. Ukuta mrefu wenye mlango katikati unafaa sana kwa hili: Bagika upande mmoja, Bagalu upande wa pili, na kura ipigwe ya nani akae wapi.

Mambo ya waganga na ya vyama vyenye siri waachie wenyewe waseme. Wakisema nyoka aonekane lakini kibuyu kile kisionekane, kibuyu kisionekane. Usiombe sababu.

Na kuna jambo zito zaidi. Mchoraji anayetaka kuonesha uzee huweza kumwekea bibi macho mekundu bila kufikiri. Katika mikoa hii wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu, ambayo kwa wengi ni matokeo ya miaka ya kupikia kwenye moshi, yamekuwa yakitajwa kama ushahidi dhidi yao. Picha ya ukutani inasema na kila mtu, kila siku. Mchore bibi akipeta mtama, akimwonesha mjukuu namna ya kuanika michembe (vipande vya viazi vitamu vya kukausha), akihadithia, akiwa katikati ya watu wake na macho yake meupe. Huo ni wajibu wetu.

Usisahau shughuli ambazo hazichezwi uwanjani. Michembe na matobolwa, yaani viazi vilivyochemshwa kwanza, vikianikwa juu ya mwamba. Isolo, bao la Kisukuma, likichezwa chini ya mti, na wazee wawili wakibishana. Ua wa minyaa unaozunguka boma. Kihenge na paa lake la nyasi. Vijana na plau nyuma ya maksai. Ngitili nayo ichorwe, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili mifugo ipate nyasi kiangazi. Ni elimu ya mazingira ambayo Wasukuma walikuwa nayo wenyewe, na mkoani Shinyanga ilifufuliwa kwa nguvu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980. Mtoto akiuliza kwa nini nyasi za upande mmoja wa picha ni ndefu na za upande mwingine zimeliwa, somo limeanza.

Kwa pamba, mchore mmea jinsi ulivyo. Ua lake hufunguka likiwa jeupe lenye umanjano, na kesho yake hugeuka waridi. Halafu ndipo tumba, halafu nyuzi nyeupe. Mmea mmoja waweza kuwa na hayo yote kwa pamoja. Picha nyingi huweka mipira myeupe tu juu ya kijiti.

Na yaliyopo leo yana haki ya kuwepo: baiskeli yenye gunia, mashine ya kukoboa, pikipiki, msichana mwenye sare na simu ya mama mkononi. Kijiji kinachochorwa kana kwamba kila mtu bado amevaa ngozi kinawaambia vijana kwamba mila si yao.

Mtu anayetambulika kwa sura aombwe ruhusa, na kwa aliyefariki iombwe familia yake.

Hatua ya tatu: upime ukuta

Wakati mzuri wa kazi ni Juni hadi Septemba: mvua zimekwisha, mavuno yako ndani, watu wana nafasi, na ndio msimu wa ngoma. Vumbi ndilo litakalokusumbua, lifutwe kwa maji.

Ukuta upimwe hivi. Sugua kwa kiganja: kikitoka na unga mweupe mwingi, rangi ya zamani imekufa na lazima ikwanguliwe. Gonga kwa sarafu sehemu mbalimbali: palipo na sauti ya uwazi, lipu imeachana na tofali. Jioni bandika kipande cha nailoni cha sentimita 50 kwa 50, ukizibe kwa tepu pande zote nne, ukifungue asubuhi. Ukikuta matone upande wa ndani, ukuta una unyevu, na hakuna rangi ya bei yoyote itakayokaa hapo. Angalia pia karibu na msingi: ungaunga mweupe unaochomoza ni chumvi inayopandishwa na maji ya ardhini. Ukuta wa namna hiyo achana nao mpaka maji ya mvua yachimbiwe mfereji wa kuyaondoa msingini.

Jua nalo lipimwe. Huku karibu na ikweta, kuta za mashariki na magharibi hupigwa na jua kali mwaka mzima. Ukuta unaotazama kaskazini au kusini, wenye upenu mpana juu yake, hupata jua la moja kwa moja kwa sehemu tu ya mwaka. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chagua huo. Muulize mwenye nyumba mvua hupigia upande gani. Yeye ndiye anayejua.

Hatua ya nne: utengeneze ukuta

Ukuta wa saruji ukiwa na lipu mpya, uache siku 28 kabla ya kuupaka. Ukiharakisha, magadi ya saruji mbichi yataula rangi. Lipu iliyoachia itolewe yote, ipigwe nyingine. Nyufa zipanuliwe kidogo kwa patasi, zilowanishwe, zizibwe kwa saruji na mchanga laini. Palipo na ukungu wa kijani, changanya jiki sehemu moja kwa maji sehemu tatu, paka, acha kama robo saa, sugua kwa brashi ngumu na usuuze. Kisha ukauke vizuri.

Ukuta wa udongo unataka heshima ya udongo. Uzibwe kwa udongo uleule uliojengewa, ukichanganywa na mchanga, nyasi zilizokatwakatwa na mavi ya ng'ombe. Usiupige lipu ya saruji ukidhani unauimarisha: saruji na udongo havitanuki wala kusinyaa pamoja, na baada ya masika mbili tatu lipu hudondoka vipande vipande na picha yako ikiwa juu yake.

Ukuta wowote ule, sentimita 60 za chini zisichorwe watu. Matone ya mvua hurusha tope hapo, mbuzi hujisugua, na miguu ya wanaokaa barazani huacha alama. Zipake rangi moja ya udongo mwekundu uliokolea. Itafanya kazi ya ardhi ya picha, na kila mwaka itapakwa upya na mtu yeyote bila kuhitaji mchoraji.

Hatua ya tano: rangi

Kwenye saruji tumia rangi ya maji ya nje. Wengi hupenda rangi ya mafuta kwa sababu inang'aa, na kwa sababu tumezoea kuiona kwenye picha za Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki mwaka 1972, alitumia rangi hiyo juu ya vipande vya hadibodi, na huko inakaa vizuri kwa kuwa hadibodi haipandishi maji kutoka ardhini. Ukuta hupumua. Ukiuziba kwa rangi ya mafuta, unyevu hutafuta pa kutokea, rangi hufura mapovu, halafu humenyuka. Juu ya ukuta wa udongo ndiyo usithubutu kabisa.

Ukuta wa udongo unapenda chokaa na rangi za ardhi. Loweka chokaa usiku kucha kwenye ndoo, tia konzi ya chumvi, ichuje kwa kitambaa mpaka iwe nyepesi kama maziwa. Lowanisha ukuta, paka koti jembamba, acha likauke hadi kesho, rudia mara tatu au zaidi. Koti moja zito hupasuka. Chokaa huunguza macho, kwa hiyo vaeni miwani, na maji safi yawe karibu, watoto wasiishike.

Kwa rangi za juu, tafuta udongo mwekundu, wa njano na mweupe hapo hapo kijijini. Akina mama wanaosiriba nyumba wanajua mashimo yake. Uanike, uutwange, uuchekeche kwa kitambaa, uukoroge na maji na gundi nyeupe ya mafundi seremala, gundi sehemu moja kwa maji sehemu tatu au nne. Nyeusi hutoka kwenye masizi au mkaa uliosagwa. Jaribu kwanza nyuma ya nyumba. Ikikauka, isugue kwa kidole: ikitoka, ongeza gundi.

Rangi hizi za ardhi hazipauki kwa jua. Wekundu wake ni chuma kilichokwisha kushika kutu, na hakuna tena cha kubadilika. Nenda Kolo, Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, ukaone wekundu huo ulivyovumilia chini ya miamba iliyoinama. Pinki kali, zambarau na njano ya kung'aa za bei rahisi ndizo zinazokimbia kwanza. Hata kwenye rangi ya dukani, ukiweza kupata nyekundu ya oksaidi na njano ya udongo, chukua hizo.

Wenye hamu ya kujaribu waangalie pia imigongo ya mashariki mwa Rwanda, ng'ambo ya mto Kagera, ambako mavi ya ng'ombe huchanganywa na majivu, yakafinyangwa mistari iliyoinuka, kisha yakapakwa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Chini ya baraza, mahali pasipofika mvua, ufundi wa aina hiyo ungependeza sana kama pindo la picha. Semeni wazi mmejifunza wapi.

Sasa hesabu. Ukuta wa mita 12 kwa 2.5 una mita za mraba 30. Koti mbili za msingi mweupe ni mita 60. Kwenye lipu yenye mikwaruzo, lita moja hupaka takriban mita 8, kwa hiyo unahitaji lita 7 na nusu: galoni mbili za lita 4. Kwa picha yenyewe nunua tena galoni ya nyeupe, na lita moja moja za nyeusi, nyekundu ya oksaidi, njano ya udongo na buluu. Zilizobaki changanya mwenyewe. Njano ya udongo na nyeusi kidogo hutoa kijani cha majani ya kiangazi, kinachofanana na majani yetu kuliko kile cha kopo. Ngozi za watu zitoke kwenye nyekundu, njano na nyeusi kwa vipimo tofauti tofauti, maana hakuna familia yenye rangi moja. Watoto watashiriki, kwa hiyo soma kopo na hakikisha limeandikwa kwamba rangi haina madini ya risasi.

Hatua ya sita: mchoro mdogo, kisha miraba

Unganisha karatasi mbili za A3, uchore ukuta wako kwa kipimo cha moja kwa ishirini: mita 12 zinakuwa sentimita 60, na mita 2.5 zinakuwa sentimita 12 na nusu. Weka madirisha na milango mahali pake tangu mwanzo, uyape kazi. Dirisha laweza kuwa mlango wa kihenge. Nguzo ya baraza yaweza kuwa shina la mbuyu.

Upeleke mchoro huo kwa wale wale uliowasikiliza, kisha utundike ofisi ya kijiji kwa wiki moja na penseli ikining'inia kando. Watu waandike, wachore juu yake, wakosoe. Watasema mkia wa ng'ombe umekaa vibaya, mpiga ngoma amekaa upande usio wake, ushungi haufungwi hivyo. Rekebisha yote. Nasema hili kwa msisitizo kwa sababu wachoraji tuna kiburi cha kudhani picha ni yetu. Kurekebisha kwa kifutio ni dakika moja, na kurekebisha ukutani ni galoni.

Mchoro ukikubalika, ugawe kwa miraba ya sentimita 2 na nusu: 24 kwa urefu na 5 kwa kimo. Ukutani kila mraba utakuwa nusu mita. Piga mistari kwa uzi uliopakwa vumbi la chaki: wawili wavute, wa tatu aupige. Tumia timazi kwa mistari ya wima, usiamini paa. Weka namba juu na herufi pembeni, kisha hamisha mraba mmoja mmoja kwa chaki au mkaa. Msiojua kuchora mtashangaa mnavyoweza, kwa kuwa ndani ya mraba mmoja hakuna ng'ombe, kuna mstari tu uliopinda.

Mkishamaliza chaki, rudini nyuma mpaka pale wapita njia watakapokuwa. Kama kutoka barabarani huwezi kutofautisha jembe na fimbo, kuza jembe. Punguza watu, ongeza ukubwa.

Hatua ya saba: kupaka

Ukuta wa mashariki upakwe mchana, wa magharibi asubuhi, ili mfanye kazi kivulini. Rangi ikigusa ukuta wa moto hukauka kabla haijashika. Anzeni juu mkishuka, na vilivyo mbali kabla ya vilivyo karibu: anga, milima na miamba, mashamba, nyumba, mifugo, watu, kisha vyombo vilivyo mikononi. Maeneo makubwa wapewe wengi kwa wakati mmoja, wakiwemo watoto. Nyuso na mikono ziachiwe wenye mkono mwepesi. Mistari ya pembeni iwe ya mwisho, kwa kahawia iliyokolea, unene wa kidole.

Jukwaa la mirunda lifungwe na fundi anayejua, lisiegemee kwenye mabati. Asipande mtu peke yake.

Maandishi yakihitajika, yawe machache, kwa Kisukuma na Kiswahili, na yasomwe na mzee na mwalimu kabla ya kupakwa. "Mwangaluka" kubwa juu ya mlango inatosha kumkaribisha mtu asubuhi. Kona ya chini andikeni majina ya waliochora na ya waliofundisha, wakikubali, pamoja na mwaka. Mzee aliyeonesha jembe lilivyoshikwa ana haki ya kuandikwa sawa na aliyelichora.

Wachoraji walipwe, hata kama ni kidogo, na kiasi kijulikane kabla ya siku ya kwanza. Wanaojitolea walishwe.

Hatua ya nane: kuutunza

Siku ya kuukabidhi, chezeni ngoma mbele yake, na kijiji kichague watu wawili au watatu wa kuuangalia. Kila mwaka masika ikiisha, waufute vumbi kwa brashi laini na maji, wapake upya zile sentimita 60 za chini, na wazibe nyufa kabla hazijaongezeka. Kuta za chokaa zitahitaji koti jipya mapema kuliko za saruji, na jambo hilo lina faida yake: ni nafasi ya kijana mwingine kupita juu ya mstari wa aliyemtangulia, na ya kubadilisha kile ambacho kijiji kimeona hakikukaa sawa.

Rangi zilizobaki zihifadhiwe kwenye makopo yenye mifuniko, ofisini, kivulini. Juu ya kila kopo bandika karatasi yenye vipimo vya mchanganyiko na mahali ilipotumika: "ngozi ya mpiga ngoma, nyekundu vijiko vinne, njano viwili, nyeusi kimoja." Mchoro mdogo wenye masahihisho ya watu uwekwe kwenye faili moja na barua za ruhusa.